Elimu ya Falaki Ianzie Uwanjani

Mwezi mchanga, uonekanao magharibi mara tu jua likiisha kutua, katika nchi yetu hulala kama mtumbwi, mara umeinama kidogo upande huu, mara upande ule. Mvuvi wa Bagamoyo aujua hivyo, na mtoto wake aujua hivyo. Lakini vitabu vingi vilivyochorwa Ulaya huuonyesha umesimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani, kwa sababu huko mbali kaskazini ndivyo unavyoonekana. Basi mtoto huyo akiamriwa katika mtihani achore mwezi mchanga, achore upi? Akichora ule aliouona juzi pwani, huenda akakosa alama. Akichora wa kitabuni atapata alama zake, na papo hapo atakuwa amejifunza jambo baya kuliko yote yawezayo kufundishwa shuleni: kwamba macho yake ni mashahidi wa uongo, na kwamba kweli hukaa kitabuni tu.

Leo twataka kunena habari ya elimu ya falaki, yaani elimu ya jua, mwezi na nyota, na hasa jinsi inavyofaa kufundishwa kwa watoto wenye umri wa miaka 11 hadi 15. Hao ni wale wa madarasa ya juu ya shule ya msingi na ya mwanzo ya sekondari, ambao zamani wangeitwa wanafunzi wa shule za kati. Hoja yetu ni moja, nayo ni nyepesi kuisema ingawa si nyepesi kuitimiza. Twasema kwamba somo hili lisianze kwa majina ya kukariri, bali lianze kwa swali, na swali lijibiwe kwa kutazama, kupima, kuandika na kubishana kwa adabu. Mwalimu aongoze njia, lakini jawabu walipate watoto wenyewe.

Wapo watakaocheka. Watasema: nchi yenye upungufu wa madawati na vyoo vya shule itafuata nini mbinguni? Twawajibu kwamba swali lao ni la haki, na tutalirudia hapa chini. Kwanza tutazame hali ilivyo.

Mwulize mwanafunzi wa darasa la 6 habari za sayari. Atakutajia Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni bila kupumua. Kisha mwombe akuonyeshe hata moja katika anga ya jioni. Wengi watanyamaza, ingawa Zuhura ikiwaka magharibi hung'aa kuliko nyota zote na hakuna kijiji ambako haionekani. Kasuku naye aweza kutaja majina. Mwulize tena kwa nini mwezi hupungua, naye aweza kukujibu kwamba kivuli cha dunia huufunika. Jawabu hilo si kweli, ila hurithiwa kizazi hata kizazi kwa sababu hakuna aliyeambiwa alijaribu.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa maskini peke yao. Mwaka 1987 huko Marekani ilitolewa filamu moja ambayo walimu wa sayansi wangali wakiizungumza. Katika Chuo Kikuu cha Harvard waliulizwa watu 23, wakiwamo wahitimu waliovaa majoho yao siku ya mahafali na walimu wao, ama sababu ya majira ya mwaka, ama sababu ya mwezi kubadilika umbo. Watu 21 kati yao walitoa majawabu yenye makosa. Wengi walisema kwamba kiangazi huja dunia ikilikaribia jua na baridi huja ikiwa mbali. Walikuwa wamesoma vitabu vizuri kuliko vyetu, katika majengo mazuri kuliko yetu. Fedha zilikuwapo. Kilichokosekana ni kwamba dhana waliyoingia nayo shuleni wakiwa watoto haikupata kutolewa nje, ikawekwa mezani na kujaribiwa. Ilifunikwa tu kwa maneno ya mtihani, na mtihani ulipokwisha ikafufuka.

Dhana hiyo ya umbali hapa kwetu ina hatari zaidi, maana kwa nje yaonekana kuwa kweli. Dunia hulikaribia jua mwanzoni mwa Januari, ikawa umbali wa kilomita milioni 147, na huwa mbali mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Januari Dar es Salaam ni joto, na Julai kuna ubaridi. Mtoto atasema, "Mwalimu, si hivyo?" Mwalimu mwenye haraka atamwambia "Hapana, kaa chini." Mwalimu wa namna tunayoitaka atamwuliza: "Je, Januari London kuna hali gani?" Kuna baridi kali. Nayo London ipo juu ya dunia ile ile, iliyo karibu na jua siku ile ile. Hapo dhana yavunjika mikononi mwa mwenyewe, naye atatafuta nyingine. Kazi ya kufundisha ndiyo hiyo.

Sasa watu watauliza, vyombo viko wapi? Twajibu: chombo cha kwanza ni fimbo. Chukueni fimbo iliyonyoka yenye urefu wa mita 1, isimamisheni katika uwanja wa shule, hakikisheni kwa timazi kwamba imesimama sawasawa, na kila baada ya dakika 10 tieni alama mahali ncha ya kivuli ilipofika, tangu saa 5 hata saa 8 mchana. Kabla ya kuanza, kila mtoto aandike anavyotazamia. Wengi wataandika kwamba saa 6 mchana jua huwa utosini na kivuli hutoweka, kwa kuwa ndivyo wanavyosikia siku zote.

Watakachokiona kitawashangaza. Mwezi wa Juni, Dar es Salaam, kivuli cha adhuhuri cha fimbo hiyo ni kama sentimita 58, nacho huelekea kusini. Mwezi wa Desemba ni kama sentimita 30, nacho huelekea kaskazini. Jua husimama utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata siku hizo kivuli hakitoweki saa 6 kamili bali dakika kadhaa baadaye. Kwa nini baadaye? Kwa sababu saa za nchi nzima zimewekwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko baharini mbali na pwani yetu. Basi jua hufika kwanza huko, kisha Dar es Salaam, kisha Dodoma, na Kigoma huchelewa nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika kama 39. Watoto wa shule mbili, moja ya Kigoma na moja ya Dar es Salaam, wakipeana habari kwa simu ya mwalimu siku hiyo hiyo, watakuwa wameona kwa kivuli cha fimbo kwamba dunia yazunguka. Hakuna picha ya kitabu iwezayo kushinda ushahidi huo.

Kuna kazi kubwa zaidi. Yapata miaka 2,250 iliyopita, Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyesimamia maktaba ya Alexandria, alipata habari kwamba siku moja ya mwaka jua lilimulika hata chini ya kisima huko Syene, mji uitwao leo Aswan, na vivuli vikakosekana. Siku kama hiyo Alexandria kulikuwa na kivuli, na pembe yake ilikuwa sehemu 1 ya 50 ya duara. Akatwaa umbali wa miji hiyo miwili, akauzidisha mara 50, akapata mzingo wa dunia. Kazi hiyo ilifanyika katika ardhi ya Afrika, kwa kivuli na hesabu ya kuzidisha.

Nasi tunayo miji ya kuirudia kazi hiyo. Mwanza na Mbeya zimekaa karibu sana katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tarehe 21 Juni, kivuli kifupi kuliko vyote cha fimbo ya mita 1 huko Mwanza ni kama sentimita 49, na Mbeya ni kama sentimita 63. Watoto wachore pembetatu hizo katika karatasi kwa kipimo kidogo, wapime kwa kipimapembe. Watapata nyuzi 26 upande mmoja na nyuzi 32 na kitu upande wa pili. Tofauti ni nyuzi 6 na kitu. Umbali wa miji hiyo, ukipimwa kutoka kaskazini kwenda kusini katika ramani, ni kilomita 710 hivi. Wakitumia nyuzi 6 watapata mzingo wa kilomita 42,600. Wakitumia nyuzi 7 watapata 36,500. Jawabu la wataalamu ni kama 40,000. Makosa hayo nayo ni somo. Watoto watauliza kama fimbo ilisimama wima, kama ncha ya kivuli ilikuwa na ukungu, kama kipimapembe kilisomwa vema. Mtu aliyekwisha kupima namna hiyo hatadanganyika kirahisi na takwimu za mwuzaji wa dawa au za mwanasiasa, kwa maana atajua kuuliza: mmepimaje?

Chombo cha pili ni daftari la mwezi. Kila mtoto auchore mwezi kila siku kwa muda wa siku 30, aandike saa aliyouona, upande uliokuwapo, na jua lilikuwa wapi. Juma la kwanza halijakwisha atagundua kwamba mwezi huchelewa kila siku kwa kadiri ya dakika 50. Katika siku ya 7 au ya 8 atauona nusu, saa 9 alasiri, umepanda mashariki hali jua lingali liking'aa magharibi. Hapo mwalimu aulize: ikiwa kivuli cha dunia ndicho kinachoufunika mwezi, nacho kivuli huenda upande usio na jua, kimefikaje pale? Aache watoto wabishane. Jioni, katika chumba chenye giza, awashe taa moja, ampe kila mtoto chungwa lililochomwa kijiti, alinyoshe mbele ya uso wake na kugeuka polepole. Mtoto ataona katika chungwa lake mwezi mchanga, nusu, mpevu, na nusu tena, wala hapana kivuli cha kichwa chake kinachohitajiwa, ila pale tu atakapoliweka chungwa sawasawa nyuma yake, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi.

Watoto wa pwani wana nyongeza. Waandike katika daftari hilo hilo mahali maji yalipofika. Wataona kwamba bamvua huja karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, na maji mafu huja karibu na siku za nusu mwezi. Babu zao wavuvi waliyajua hayo, na shule itakuwa imekubali hatimaye kwamba babu naye alikuwa na elimu.

Twalisisitiza jambo hili kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba falaki ni mali ya wageni. Kiswahili kina Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake latokana na kulima. Kina miongo, yaani hesabu ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, ambayo kwayo mabaharia na wakulima walijua majira ya kaskazi na kusi. Na mpaka leo watu wa Makunduchi, Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai. Hata saa zetu, ambazo wageni huziona za kinyume, zina busara ya mahali. Hapa Dar es Salaam mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote hazipitani hata kwa dakika 50, basi kuhesabu saa tangu jua kuchomoza ni sawa kabisa. London, ambako mchana wa Juni hupita saa 16 na ule wa Desemba haufiki saa 8, hesabu hiyo isingefaa. Je, ni watoto wangapi waliokwisha kuulizwa kwa nini saa ya Kiswahili ilizaliwa hapa na si kule?

Lakini twaonya pia kwamba kuheshimu wazee si kuacha kuuliza. Wazee walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Vema. Darasa lishike daftari mwaka hata mwaka, liandike siku Kilimia kilipotoweka magharibi jioni, siku kilipoonekana tena mashariki alfajiri, na mvua iliyonyesha katika siku hizo. Kama methali ni kweli, daftari litaipa nguvu. Kama hali ya mvua imebadilika tangu ilipotungwa, daftari litasema. Mtoto mwenye kupima neno la babu kwa heshima na neno la kitabu kwa heshima iyo hiyo ndiye raia tunayemhitaji. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliiweka akili ya kudadisi mbele kabisa katika mambo ambayo shule yapaswa kuyakuza. Tangu siku hiyo imepita miaka mingi, na tungali tukimpa alama mtoto anyamazaye.

Sasa turudi kwa wapinzani wetu. Wa kwanza husema hakuna fedha. Tumekwisha kuonyesha kwamba fimbo, timazi, chaki, daftari, chungwa na taa vyatosha kwa kazi ya mwaka mzima. Darubini ni njema, lakini ije mwisho. Galileo alipoitazama Mshtarii mwezi wa Januari 1610 aliona vinukta pembeni yake, akavichora usiku baada ya usiku mpaka akajua kwamba ni miezi inayoizunguka. Aliyemwonyesha ukweli ni uvumilivu wa kuchora. Darubini iliyofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu haitamfunulia mtu jambo lo lote.

Wa pili ni mwalimu mwenyewe, naye twamwonea huruma. Ana watoto 80 darasani, ana mtaala wa kumaliza, na anaogopa swali ambalo hana jawabu lake. Twamwambia: ndugu, watoto 80 ni makundi 10 yenye fimbo 10, na vipimo 10 vilivyo mbalimbali kidogo ni mali, kwa kuwa vyafundisha kutafuta wastani. Na ukiulizwa usilolijua, sema, "Tutazame pamoja." Neno hilo halimshushii mwalimu heshima. Linalomshushia ni jawabu la kubuni, litakaloumbuliwa na kivuli kesho yake.

Wa tatu ni wenye kutunga mitihani, na hapa hatuna huruma nyingi. Mwalimu hufundisha lile litakaloulizwa, na mzazi hulipia lile litakaloulizwa. Maadamu mtihani wauliza "Taja sayari nane", fimbo itabaki ghalani. Na uulize hivi: "Hivi hapa ni vivuli vitano vilivyopimwa Tabora, kipi cha adhuhuri, na wajuaje?" Swali kama hilo halikaririki. Mtoto aliyepima atalijibu, na yule aliyekariri atakwama, tajiri kwa maskini.

Ndipo twafika kwa wale wanaosema madawati kwanza. Tuko pamoja nao katika kudai madawati. Lakini dawati ni la kukalia, na swali ni kwamba mtoto akikaa atafundishwa nini. Nchi hii yahitaji mkulima atakayelinganisha mbegu mbili shambani mwake na kuandika mavuno, mwuguzi atakayeuliza kwa nini homa imezidi katika kijiji kimoja, na mpiga kura atakayedai hesabu. Tabia hiyo haiotwi usiku mmoja mtu akiwa mzima. Hupandwa kati ya miaka 11 na 15, na anga ni shamba la bure la kuipandia. Haina mlango wala ada, nayo humpa mtoto wa Nachingwea haki sawa na mtoto wa Oysterbay. Tena yule wa Nachingwea, asiye na taa nyingi za mji, ndiye azionaye nyota zaidi.

Tunayo pia tarehe ya kutupima. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete kusini mwa nchi yetu, na watu wengi walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kulitazama. Siku ilipopita, fimbo zilisimama katika shule ngapi? Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Huko Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa muda wa zaidi ya dakika 6. Hapa kwetu litaonekana limemegwa sehemu. Zipo njia mbili za kuipokea siku hiyo. Ya kwanza ni kuwafungia watoto ndani na kuwatisha. Ya pili ni kuwafundisha mapema kwamba jua halitazamwi kwa macho matupu kamwe, kwa maana hupofusha. Kisha kuwapa kila mmoja karatasi ngumu yenye tundu la sindano, wakaligeuzia jua mgongo na kutazama picha yake ndogo ikimegwa juu ya karatasi ya pili, huku mmoja wao ameshika saa na kuandika dakika.

Wizara ya Elimu na iitake kila shule kusimamisha fimbo moja. Taasisi ya Elimu na iandike vitabu ambavyo mwezi wake umelala kama ulalavyo kwetu. Vyuo vya ualimu na viwape walimu wanafunzi daftari la mwezi la siku 30 kabla ya kuwapa cheti. Baraza la Mitihani na liulize maswali ya waliopima. Wazazi nao, mtoto akiomba kutoka uani saa 3 usiku kuutazama mwezi, wasimwambie kwamba anapoteza wakati. Wamsindikize, na wamwulize ameona nini.